Kuacha Kazi na Kwenda Ugenini Mikono Mitupu: Ni Tawakkul au Ni Kukimbia Haki?

Liko swali ambalo watu wengi, hasa vijana, hulibeba moyoni muda mrefu kabla ya kulitamka. Mtu ana kazi ya kudumu. Kila mwisho wa mwezi hupata mshahara wake, uwe mdogo au mkubwa. Ana kiti chake ofisini au darasa lake shuleni, na akistaafu anatumaini kupata kiinua mgongo chake. Lakini ndani ya nafsi yake iko sauti imwambiayo kwamba maisha si hayo tu. Kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana, na yafaa achukue nguo chache na fedha kidogo, aende nchi ya mbali akaishi huko. Akiwaeleza wazee wake, humwambia amerukwa na akili. Akiwaeleza rafiki zake, humwita shujaa. Naye, akiwa mtu wa dini, hujiuliza: Je, nikiondoka hivi nitakuwa nimemtegemea Mungu, au nitakuwa nimemjaribu Mungu?

Swali hili halifai kujibiwa kwa mzaha, kwani ndani yake yamo maswali matatu makubwa: riziki yatoka wapi, mtu ana uhuru gani juu ya maisha yake mwenyewe, na ni nani wenye haki juu yake. Kwanza yafaa tuweke mpaka. Hatuzungumzi hapa juu ya mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya vita au kuteswa kwa ajili ya imani yake; huyo hakuchagua safari, bali safari ilimchagua yeye, na hukumu yake ni nyingine. Tunazungumza juu ya mtu mwenye kazi ya halali, anayeiacha kwa hiari yake, akijua kwamba aendako atakuwa na fedha kidogo.

Makosa mawili

Watu hukosea katika jambo hili kwa njia mbili zinazopingana.

Kosa la kwanza ni la yule anayeufanya mshahara kuwa mungu wake, ingawa kwa ulimi hakiri hivyo. Mtu wa namna hii hathubutu kuacha kazi yake hata kama kazi hiyo yamlazimisha kusema uongo au kuandika hesabu za udanganyifu. Ukimwuliza kwa nini, hujibu: “Watoto watakula nini?” Jibu hilo lina heshima kwa nje, lakini mara nyingi ni woga uliovaa kanzu ya hekima. Mshahara ni mfereji tu, si chemchemi. Mifereji mingapi tumeiona ikikauka! Viwanda hufungwa, mashirika hufilisika, waajiriwa hupunguzwa kwa barua moja. Na waliopunguzwa hawakufa kwa njaa wote, bali wengi wao walifunguliwa mlango mwingine wasioutazamia. Mwenye kuamini kwamba Mungu ndiye Mpaji hawezi kusema kwamba riziki yake imefungwa ndani ya bahasha ya mwajiri mmoja.

Wala kusafiri si jambo la kulaumiwa. Kurani Tukufu yawahimiza watu mara kwa mara watembee katika ardhi, watazame na wazingatie. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. mwenyewe alisafiri na misafara ya biashara mpaka Sham kabla ya kupewa utume. Na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki twajua zaidi ya wengi kwamba miji yetu ilijengwa na safari: majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, na waliobaki wakaoa, wakazaa, wakawa wenyeji. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, na katika mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Lau kila mtu angalishikamana na kiti chake, elimu isingalivuka bahari.

Kosa la pili ni la yule anayedhani kwamba kuwa na mikono mitupu ndiko kumtegemea Mungu kwenyewe. Huyu hufikiri kwamba kadiri anavyojiandaa kidogo ndivyo imani yake ilivyo kubwa. Tena huwadharau wale wanaokwenda kazini kila asubuhi, akiwaona kuwa watumwa wa dunia. Kosa hili ni la hatari zaidi kwa mtu wa dini, kwa sababu huja likiwa limevaa jina zuri la tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Basi na tulitazame jina hilo kwa makini.

Nini maana ya tawakkul?

Imepokewa katika Hadithi mashuhuri kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Mafundisho haya hujulikana hata kwa watoto, lakini ni wachache wanaoona upande wake wa pili. Kamba peke yake haiwezi kumzuia ngamia asife usiku, wala asiibwe na mwenye kisu. Kwa hiyo aliyemfunga ngamia wake bado ana haja ya kumtegemea Mungu. Na yule asiyemfunga hana tawakkul zaidi, ila ana kamba moja pungufu.

Tena yako masimulizi yanayogusa hasa jambo letu. Ibn Abbas r.a. ameeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila kuchukua masurufu, wakisema kwamba wao ni watu wa kumtegemea Mungu. Walipofika Makka walianza kuombaomba kwa watu. Ndipo ikateremshwa ile aya iliyomo katika sura Al-Baqara, iwaamrishayo mahujaji wachukue masurufu, na kuwakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha-Mungu. Ewe msomaji, zingatia jambo hili. Safari yao ilikuwa ya ibada, si ya anasa. Hata hivyo hawakusifiwa kwa kwenda mikono mitupu. Kwa nini? Kwa sababu walisema wanamtegemea Mungu, kumbe kwa vitendo walikuwa wakiwategemea watu wa Makka. Tawakkul yao ilikuwa ya ulimi. Gharama yake ililipwa na wengine.

Wengine huleta hoja ya ndege, kwani Mtume s.a.w. amewataja ndege watokao asubuhi na matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba, kuwa mfano wa wale wamtegemeao Mungu ipasavyo. Mfano huo ni wa kweli na mzuri sana. Lakini ndege huyo hutoka! Hakai kiotani akingojea punje imwangukie. Tena sisi sote twaona kwamba ndege mwenye makinda hurudi na chakula mdomoni. Haruki akaenda zake nchi nyingine na kuwaacha makinda wakipiga kelele, kisha akajiita mwenye imani.

Na kama wataka kuona jinsi muumini anavyoishi ugenini akiwa hana kitu, mtazame Hadhrat Abdur Rahman bin Auf r.a. Alipofika Madina baada ya kuhama Makka hakuwa na mali. Mtume s.a.w. akamfanya ndugu na Saad bin Rabii r.a., mmoja wa matajiri wa Madina, naye akamtolea nusu ya mali yake. Abdur Rahman akamwombea baraka kwa ajili ya jamaa yake na mali yake, kisha akauliza jambo moja tu: soko liko wapi? Akaenda sokoni, akarudi na samli na jibini aliyoichuma kwa biashara yake. Na haukupita muda mrefu akaweza kuoa na kutoa mahari ya dhahabu. Hiyo ndiyo tawakkul ya mgeni maskini. Hakuona aibu kuwa maskini, ila hakutaka umaskini wake uwe mzigo wa mwenyeji wake.

Umaskini wa nani?

Sasa tumekaribia kiini cha jambo lenyewe. Mtu anaposema, “Mimi niko tayari kuishi kwa kidogo,” neno hilo ni jema, hata pengine ni la kusifiwa. Lakini twapaswa kumwuliza: Je, ni wewe peke yako utakayeishi kwa kidogo? Mtu anayo ruhusa ya kuchagua umaskini wake mwenyewe; hana ruhusa ya kumchagulia mwingine umaskini. Anayo haki ya kufunga tumbo lake. Hana haki ya kufunga tumbo la mtoto wake. Hapa ndipo ulipo mpaka kati ya tawakkul na udhalimu, wala mpaka huo haupimwi kwa kiasi cha fedha kilichomo mfukoni mwa msafiri, bali kwa haki alizoziacha nyuma yake zikiwa hazikulipwa.

Mtume s.a.w. alipohama Makka mwaka 622, safari yake ilikuwa ya kuokoa maisha, maana maadui walikuwa wamekwisha kula njama ya kumwua. Hata hivyo watu wa Makka walikuwa wameweka amana zao kwake. Basi alimwacha Hadhrat Ali r.a. nyuma ili amana hizo zirudishwe kwa wenyewe. Ikiwa mtu anayewindwa na wauaji hakuona udhuru wa kuondoka na haki za watu, je, mtu anayeondoka kwa sababu amechoka na kazi yake atatoa udhuru gani?

Kadhalika Hadhrat Abubakar r.a. alipochaguliwa kuwa Khalifa, alionekana asubuhi amebeba nguo akienda sokoni kuuza, kama ilivyokuwa kazi yake. Alipoambiwa kwamba sasa amebeba mambo ya Waislamu wote, yeye aliuliza jamaa yake watalishwa na nini. Ndipo akawekewa posho katika hazina ya umma, naye akaiacha biashara. Hakuna kazi tukufu zaidi ya ile aliyoitiwa. Lakini hata kwa ajili yake hakuwaacha watu wa nyumbani mwake hivi hivi. Aliiacha kazi, lakini hakuiacha haki.

Watu wawili walioacha kazi

Historia imetuhifadhia mifano miwili ya watu mashuhuri walioacha kazi zenye kipato kizuri wakaenda kuishi mbali kwa fedha kidogo. Yafaa tuiweke pamoja.

Wa kwanza ni Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 Waziri mkuu Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Hapakuwa na kazi ya elimu iliyokuwa na heshima kuliko hiyo. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alikuwa akifundisha wanafunzi 300. Lakini alipoichunguza nia yake, aliona kwamba hafundishi kwa ajili ya Mungu, bali kwa ajili ya cheo na sifa. Kwa karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu, alivutwa huku na huku; siku moja aliazimia kuondoka, siku ya pili azma ilivunjika. Mwishowe ulimi wake ulifungwa akashindwa kufundisha, na chakula kikamshinda kumeza. Mnamo Novemba 1095 aliondoka Baghdad. Alikaa karibu miaka miwili Dameski, ambako alikuwa akipanda katika mnara wa msikiti na kujifungia huko mchana kutwa; akaenda Yerusalemu na Hebron; akahiji. Miaka yake ya kujitenga ilikuwa kiasi cha kumi na mmoja.

Twaona jinsi alivyoondoka. Aligawa mali yake, lakini alibakiza kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake, akieleza kwamba mali ya Iraq ilikuwa wakfu kwa ajili ya maslahi ya Waislamu, na kwamba mwanachuoni aweza kuchukua humo kwa ajili ya jamaa yake. Kazi yake ya kufundisha Nizamiyya ilishikwa na ndugu yake, Ahmad. Hakuwa malaika, aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, hali moyoni alikusudia Sham, kwa kuogopa kwamba Khalifa na rafiki zake wangemzuia. Lakini mzigo wa njaa aliubeba mwenyewe, wala hakuwatwika watoto wake. Na watoto hao hao, kwa maelezo yake mwenyewe, ndio waliomvuta arudi kwao.

Wa pili ni Paul Gauguin, mchoraji wa Ufaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1848. Alifanya kazi katika soko la hisa la Paris, akapata fedha nyingi, akamwoa Mette, mwanamke wa Denmark, wakazaa watoto watano. Mwaka 1882 soko hilo liliporomoka. Mwaka 1883 akaachana na kazi hiyo ili awe mchoraji tu. Fedha zikaisha. Familia ikahamia Copenhagen kwa jamaa za mkewe. Mwaka 1885 Gauguin akarudi Paris pamoja na mtoto wake mmoja, Clovis, akimwacha Mette awalee wengine kwa kufundisha lugha ya Kifaransa na kufasiri. Katika baridi ya mwaka ule baba alibandika matangazo ukutani ili apate senti za chakula, na mtoto akaugua ndui. Mwaka 1891 Gauguin alisafiri mpaka kisiwa cha Tahiti, katika bahari ya Pasifiki, akaishi huko kwa dhiki na madeni. Akafa mwaka 1903 katika visiwa vya Marquesas. Binti yake Aline alikwisha kufa Copenhagen mwaka 1897, baba akiwa upande wa pili wa dunia.

Hapa msomaji aweza kusema: “Lakini picha za Gauguin leo zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya dunia. Je, hakufanya vema kuondoka? Kama angalibaki katika soko la hisa, dunia ingalipata hasara.” Hoja hii ni nzito, na wanafalsafa wameishughulikia, Mwingereza Bernard Williams aliujadili mfano huo wa Gauguin mwaka 1976, akiuliza kama kufaulu kwa baadaye kwaweza kuhalalisha kitendo kilichofanyika kabla matokeo hayajajulikana.

Jibu letu ni hili. Siku Clovis alipougua, picha ambazo leo zinasifiwa hazikuwa dawa yake. Kama picha zote zingaliteketea kwa moto, haki ya watoto wale isingaliongezeka hata kidogo; na kwa kuwa hazikuteketea, haki hiyo haikupungua hata kidogo. Deni halifutwi na utukufu wa mdaiwa. Mwenye kuacha haki ya mtu kwa kutumaini kwamba baadaye atakuwa mkubwa, anacheza kamari kwa mali ya mwingine. Na mcheza kamari hata akishinda, haimaanishi kwamba fedha zile zilikuwa zake. Vivyo hivyo hatumsifu al-Ghazali kwa sababu baadaye kitabu chake Ihya kilienea duniani. Kuondoka kwake twakupima kwa yale aliyoyajua na kuyafanya siku ile ile alipotoka katika lango la Baghdad.

Haki ya mwenyeji

Liko fungu jingine la haki ambalo wasafiri wengi hulisahau, nalo ni haki ya watu wa nchi aendayo. Msafiri hujiona maskini, na kwa kweli huenda fedha zake ni kidogo. Lakini fedha kidogo za nchi tajiri zaweza kuwa nyingi katika nchi maskini. Gauguin alikuwa fukara mbele ya Wafaransa wenzake, lakini mbele ya watu wa Tahiti alikuwa ni mtu wa dola iliyowatawala. Na akaishi kinyumba na wasichana wadogo ambao umri wao hutajwa kuwa miaka 13 au 14. Mtu hasafiri ili akawe huru mahali ambapo wengine hawana nguvu ya kumkatalia. Neno hili lawahusu pia wageni wanaoacha kazi zao Ulaya na Marekani siku hizi wakaja kuishi katika visiwa na pwani zetu. Kama wamekuja kwa heshima, karibu sana. Lakini wasidhani kwamba usahili wa maisha ya mwenyeji ni burudani iliyowekwa kwa ajili yao.

Na kwa upande wetu sisi tuendao kwa wengine, wazee wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mafundisho ya Islam nayo yameweka siku tatu za ukarimu. Kinachozidi hapo ni sadaka, wala haifai mgeni akae mpaka amtie mwenyeji wake katika taabu. Mtu aendaye Muscat, Johannesburg au London kwa kutegemea sakafu ya chumba cha ndugu yake, na ajue kwamba ndugu huyo naye ana kodi ya kulipa.

Yapi ya kupima kabla ya safari?

Ndugu msomaji, ikiwa moyo wako unakuvuta kwenda, hatukuambii usiende. Twakuomba tu uyajibu maswali haya peke yako, usiku, ambapo hakuna wa kumdanganya.

Kwanza, nia yako ni nini? Waikimbia kazi kwa kuwa inaichafua roho yako, au kwa kuwa inakutaka uvumilie? Mwenye kuukimbia uvivu wake ataukuta unamngoja bandarini, kwani alisafiri nao.

Pili, ni nani anayekula kwa mkono wako? Mke, watoto, mdogo wako aliye shuleni? Je, umewaandalia, na wao wameridhika, au umewaarifu tu? Kuridhika kwa mke aliyenyamaza kwa woga si kuridhika.

Tatu, wazazi wako wakoje? Mtu mmoja alikuja kwa Mtume s.a.w. kuomba aende jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kwamba wako, aliambiwa ajitahidi katika kuwatumikia hao. Ibn Battuta, msafiri yule tuliyemtaja, alipata habari akiwa Dameski mwaka 1348 kwamba baba yake alikufa miaka kumi na mitano nyuma. Na mama yake alifariki kabla yeye hajafika nyumbani mwaka 1349. Elimu aliyoileta ni kubwa, lakini bei yake nayo haikuwa ndogo.

Nne, unadaiwa? Mtume s.a.w. alikuwa akiuliza juu ya deni la marehemu kabla ya kumsalia. Dawa ya deni ni kulipa, si kuvuka mpaka.

Tano, mwajiri wako umempa notisi kama mlivyopatana, na kukabidhi kazi na vitu vyake? Mkataba ni ahadi, na ahadi itaulizwa.

Sita, huko uendako utaingia kwa njia ya halali, na una ujuzi gani wa kuuza sokoni kama Abdur Rahman bin Auf? Vijana wetu wengi huchukuliwa na mawakala kwa maneno matamu. Katika baadhi ya nchi za Ghuba kibali cha mgeni hufungamanishwa na mwajiri aliyemwita. Asiyeusoma mkataba wake kabla ya kupanda ndege atausoma kwa machozi baada ya kushuka. Na asiye na nauli ya kurudi si huru, hata kama ameondoka kwa jina la uhuru.

Ukisha jibu, taka shauri kwa watu wenye busara wasiokuonea wivu wala wasiokuogopa. Kisha sali rakaa mbili za istikhara, umwombe Mwenye kujua yaliyofichika akuelekeze kwenye heri, pengine ni kwenda na pengine ni kubaki.

“Basi sitaondoka kamwe!”

Huenda mtu akasema: “Nikingoja haki zote zitimie, nitazeeka nimekaa.” La hasha! Hatukusema kwamba haki ziishe, tumesema zipangwe. Daktari Albert Schweitzer alikuwa mwalimu wa dini katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, aliazimia kwenda kuwatibu wagonjwa katika Afrika. Hakupanda meli kesho yake. Alisomea udaktari, akachangisha fedha kwa kupiga kinanda na kutoa mihadhara, na mwaka 1913 ndipo alipokwenda Lambaréné, nchini Gabon, pamoja na mkewe Helene aliyekuwa amejifunza uuguzi. Miaka minane ya kujiandaa haikuizima azma yake. Azma inayokufa kwa kungojea miaka miwili mpaka mdogo wako amalize shule haikuwa wito. Ilikuwa ni uchovu wa wiki moja.

Tena usiogope kurudi. Wapo wanaoteseka ugenini miaka mingi kwa kuona haya tu kurudi na mkoba ule ule waliotoka nao. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Al-Ghazali naye alirudi. Mwaka 1106 alikubali kufundisha tena, huko Nishapur, na akafariki kwao Tus mwaka 1111. Kwa nje alikuwa amerudia kazi ile ile aliyoiacha. Lakini yeye mwenyewe ameeleza kwamba mwanzoni alifundisha elimu ya kujipatia cheo, na sasa akafundisha ile ya kukiacha cheo. Yawezekana basi, ewe msomaji, kwamba kitu kinachotakiwa kuachwa si kazi yako, bali ni ile nia unayokwenda nayo kazini. Na nia haihitaji pasipoti.

Ikiwa baada ya hayo yote waona kwamba ni lazima uende, na kila mwenye haki umempa haki yake, basi nenda kwa moyo mweupe. Usihuzunike kwa uchache wa fedha zako. Wako wengi waliokwenda na kidogo kuliko hicho wakakirimiwa. Kula kidogo, fanya kazi, wasaidie wenyeji wako, waandikie wazazi wako. Hapo umaskini wako utakuwa ni wako mwenyewe, uliouchagua mbele ya Mungu, na Mungu hamtupi mtu aliyekwenda kwake bila kumdhulumu mtu.

Mwenyezi Mungu atujalie tusiiogope dunia hata tukaiabudu, wala tusiikimbie hata tukadhulumu. Amin.